Pasaka ya Wasamaria wa Mlimani

Siku ile tulikuwa tunatwanga sombe, majani ya muhogo, mimi na mama, tunacheka. Mnajua kutwanga watu wawili kinu kimoja: ukicheka unakosa zamu, mchi unagonga mchi. Mama akasema, "Weye, utanivunja vidole, halafu nani atakulea?" Na mimi mtu mzima, mtoto mgongoni!

Ngoja kwanza niwaeleze habari ya makanisa, bila hiyo hamtaelewa kitu. Kwetu Kongo kanisa lilikuwa moja. Pasta mzee akafa. Mtoto wake akasema upako unapita kwa damu, akabeba ngoma na nusu ya watu, wakapanda kusali mlimani, pale baba yake alipoanzia. Wazee wetu wa bondeni wakasema hapana, pasta anawekwa kwa mikono ya wazee. Basi sisi tukawaita Wasamaria. Wao wakatuita Wayahudi, na sisi tukafurahi! Kikombe chao hatukunywea. Hata Pasaka walihesabu kwa mwezi wao wenyewe. Yetu inaisha, yao bado.

Na yaya Furaha, dada yangu mkubwa, aliolewa huko juu. Mpiga ngoma wao alikuwa yeye. Mama hakumtembelea, lakini akisikia ile ngoma aliweka kazi chini.

Siku ile ikalia.

"Mama, leo si siku ya ibada."

"Ni Pasaka yao hiyo. Twanga."

Ikalia tena, haraka haraka. Majirani wakatoka mlangoni. "Wasamaria wamepotea na mwezi wao!" Kicheko! Mzee wa kanisa akapita akisema, "Atakayeitika ngoma ile, meza ya Bwana asahau." Watu wakarudi ndani.

Tukaweka sombe motoni. Ngoma bado.

Mama akasema polepole, "Huyu mtoto mikono haimuumi?"

Halafu risasi, barabarani.

Tulipita nyuma, kwenye migomba. Mama mbele.

Wale majirani hawakutoka.

Ngoma bado tunaisikia.

Halafu ikanyamaza.

Kwenye kambi ya wakimbizi tulimkuta shemeji, bwana yake Furaha. Watu wa mlimani walipona karibu wote. Kule juu waliwaona wenye bunduki wakiwa mbali bado, wakaingia msituni. Shemeji akamvuta mke wake mkono, Furaha akakataa kuiacha ngoma. Akamwambia, "Ona moshi wa mama. Hajatoka."

Mama hakulia. Alikwenda akamwaga maji kwenye moto wetu, chakula hakijaiva.

Nilikuja naye mpaka huku London. Kanisani kwetu Peckham, ngoma ikianza tu, anachukua pochi yake anatoka, anasimama kituo cha basi na ile baridi mpaka inyamaze. Walisema ana pepo. Miaka yote alikuwa hivyo, mpaka tukamzika.

Sasa pasta wetu wa hapa amefariki. Mtoto wake anataka kiti, wazee wanamtaka mwingine. Wameshaanza kuitana majina, na majina yenyewe mnayajua. Mjukuu wangu, mimi bibi yake ananiita koko, ananiuliza kwa Kiingereza chake: koko, kule kwenu nani alikuwa na haki?

Mwanangu, labda hata ule mwezi wao ulikuwa wa kweli. Makanisa yote mawili yameota majani, nitamuuliza nani?

Jumapili iliyopita wamegombania ngoma, huyu anavuta huku, yule anavuta kule. Nikachukua pochi yangu, nikaenda kusimama kituoni.