Sura Iliyogundishwa kwa Uji wa Muhogo

Katika ghala la maharage kule Busunzu, kinamama huchambua huku mmoja wao akiwasomea kitabu. Msomaji hashiki ungo. Fungu lake huchambuliwa na wenzake. Kazi hiyo ilikuwa ya Immakulata Ndayikeza, mwenye sauti ya kumtoa nyoka pangoni, binti wa wakimbizi aliyepata uraia wa Tanzania akiwa tayari ana watoto.

Msimu huu aliwasomea riwaya ya nchi ya kubuni ambako njaa imepigwa marufuku kutajwa. Mtu akifa kwa njaa, hutangazwa kuwa amekufa kwa uchovu. Kinamama waliipenda mno, na habari zikamfikia Brighton, afisa wa wilaya aliyehamishiwa Kibondo kutoka mbali. Alikuja, akakifunua kitabu mwanzoni penye majina ya sura, akaona "Siku ya Ghala la Serikali". Hakusoma zaidi. Usilolijua ni usiku wa giza, na yeye giza lile lilimtosha kutoa amri kwamba sura hiyo isisomwe.

Venanti, mwenyekiti wa ghala, mtu anayeogopa hata kivuli chake, alipika uji mzito wa muhogo akazigundisha kurasa za sura hiyo. Kisha akamwonya Immakulata: akifika hapo aruke, na akumbuke kwamba uraia ni kitu cha kupewa.

Maneno hayo yalimchoma. Burundi aliijua kwa simulizi za mama yake tu. Wakimfukuza, hana pa kwenda. Na sura yenyewe alikuwa ameshaisoma nyumbani.

Siku ya kuifikia sura hiyo, Brighton na Venanti waliketi mlangoni. Immakulata alisoma mpaka kitabuni umati wenye njaa ukasimama mbele ya ghala. Akajaribu kufunua ukurasa, karatasi ikagoma.

"Hapa pamegundishwa," alisema. Akafunga kitabu, akavuta ungo, akaanza kuchambua kama wengine.

Hakuna aliyewahi kumwona msomaji akishika ungo.

"Reka, acha tu, tutaimalizia wenyewe," akasema Bibi Asnath, mkubwa wao kwa umri.

Akasimulia jinsi umati ulivyovunja mlango. Mwingine akabisha, akasema kwanza walimfungia afisa ndani. Wa tatu akauliza mbolea ya mwaka jana iliyoingizwa stoo iliishia wapi, na hakuna aliyemkumbusha kwamba hiyo haimo kitabuni. Sauti zikapanda, macho yakaanza kugeukia mlangoni. Venanti alikuwa ameshasimama, mguu mmoja nje.

Brighton alijifuta uso. "Mama, wewe lazima umeshaisoma. Waambie basi kilichomo."

Immakulata alikijua. Kitabuni umati ule ulizungumza na mlinzi wa ghala, ukaelewana naye, ukarudi nyumbani bila kugusa hata kufuli. Sentensi chache tu zingewatuliza kinamama wote. Alikuwa na hofu, lakini hasira ilikuwa imeizidi hofu.

"Imekatazwa, mheshimiwa," alisema. "Nami ni raia mtiifu."

Akainama kwenye ungo wake. Bibi Asnath akaweka wa kwake chini, akainuka, akamuuliza Brighton ufunguo wa stoo ya mbolea uko kwa nani.