Usimlilie Aliye Bado Njiani

Nakumbuka siku redio iliponyamaza katikati ya mpira, nikabaki nimeshika tumbo langu kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba chungu cha maji. Keti hapa karibu na jiko, Nekesa mjukuu wangu. Hiyo simu iweke juu ya kabati, kioo kiangalie chini. Sikugombezi tena. Nimekugombeza tangu asubuhi mpaka koo limekauka, na ndugu yako Barasa bado yuko pale nje ya geti, amekaa juu ya jiwe na jezi yake ya timu ya taifa, hajui acheke ama alie. Baba yenu ameenda Bumula kumleta mzee wa ukoo na kondoo. Kutoka Bumula mpaka hapa Kitale si karibu. Basi tuna wakati, na wewe una masikio.

Nyinyi mnadhani mpira wa mataifa umeanza juzi, kwa sababu mwaka huu Kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za nyumbani limechezwa hapa kwetu, na lile kubwa lenyewe wanasema linakuja, sisi na Uganda na Tanzania pamoja. Si mbaya. Lakini zamani, hata mimi sijazaliwa, kulikuwa na kombe lililotolewa na wazungu wa kutengeneza sabuni. Ndiyo, sabuni, usicheke. Ilikuwa sisi na Uganda tu, kila mwaka tunafungana wenyewe kwa wenyewe kama ndugu wanaogombania kiti. Baadaye Tanganyika ikaingia, halafu Zanzibar. Uhuru ulipokuja jina la sabuni likaondolewa, likaitwa Kombe la Chalenji, na nchi zingine zikajiunga. Babu yako Wekesa, mume wangu, aliijua historia hiyo kuliko alivyojua Zaburi, na alikuwa mzee wa kanisa. Aliijua kwa sababu alikuwa ndani yake.

Alikuwa kipa. Si kipa wa kwanza, nisikudanganye. Alikuwa wa akiba, yule anayevaa glavu na kukaa benchi akiomba mwenzake asiumie na wakati huo huo akiomba aumie kidogo tu. Mwaka ule ninaokusimulia kombe lilichezewa Kampala. Wakati ule Uganda ilikuwa na askari kila kona, na watu wetu waliokuwa wakienda kuuza vitu ng'ambo ya Malaba walivuka wakisali. Mimi nilikuwa nimeolewa karibuni tu huko Misikhu, mimba yangu ya kwanza, kubwa. Sikutaka aende. Mama yake, ambaye sote tulimwita Mayi, pia hakutaka, lakini hakusema. Alimpa mayai ya kuchemsha kwa karatasi akamwambia, "Nenda urudi." Hayo tu.

Redio boma zima ilikuwa moja, ya shemeji yangu. Jumapili baada ya kanisa aliiweka dirishani na majirani wakakaa kwenye nyasi. Mimi nilikuwa mlangoni kwa jiko nachambua maharagwe. Mtangazaji akasoma majina, na ati Wekesa ndiye yuko golini, kipa wa kwanza anaumwa. Wamama wakapiga vigelegele. Mimi nikaacha maharagwe nikasogea karibu na dirisha.

Ilikuwa kipindi cha pili, tunacheza na Uganda wenyewe kwao. Mtangazaji anasema Wekesa ametoka golini, ameruka, halafu sauti yake ikabadilika. Akasema Wekesa yuko chini. Akasema hasogei. Akasema wanaleta machela. Halafu redio ikaanza kukwaruza, ikawa ndogo, ikawa ndogo zaidi, ikanyamaza. Betri zimekwisha. Shemeji alizitoa akaziweka juani juu ya bati, vile tulivyokuwa tukifanya ili zipate nguvu kidogo, na watu wazima wote tukakaa hapo tukiangalia betri. Ziliporudishwa tulipata muziki tu. Mpira umekwisha, na hakuna aliyejua umekwishaje wala mtu wetu yuko hali gani.

Mwanangu, hofu ya kutojua ni mbaya kuliko njaa. Njaa unaweza kuilaza. Hiyo nyingine inaamka na wewe, inateka maji na wewe, inakaa na wewe kwa jiko. Hatukuwa na simu. Kwenda Uganda kumtafuta, nani angethubutu?

Kesho yake ilikuwa siku ya soko. Akaja Khaemba, mwuza vitunguu, aliyekuwa akileta bidhaa kwa baiskeli kutoka upande wa Malaba. Alipofika kwetu hakubisha hodi kama kawaida. Alivua kofia. Ukiona mwuza vitunguu amevua kofia mbele ya boma lako, mwanangu, unajua kabla hajasema. Alisema dereva mmoja wa lori amesema kipa wa Kenya amefia hospitalini Kampala. Majirani walikuwa wamemfuata nyuma. Nikaona wanawake wanajifunga leso kiunoni, vile mtu anavyojifunga anapotaka kupiga nduru, na mimi mwenyewe nikafungua mdomo.

Mkono ulikuja ukaufunika. Ulikuwa mkono wa Mayi, alikuwa akichuma mboga ya mrenda, na ule utelezi wa mrenda nausikia mdomoni mpaka leo. Akiwa amenishika hivyo hivyo, akamgeukia Khaemba.

"Wewe ulimwona?"

"Hapana, Mayi. Ni dereva alisema."

"Dereva alimwona?"

"Aliambiwa."

"Basi hiyo maneno bado iko njiani. Na mtoto wangu pia yuko njiani. Tutaona nani atafika kwanza."

Khaemba akanung'unika kwamba lisemwalo lipo, kama halipo laja. Mayi akamjibu kwamba mengine yapo midomoni tu na hapo ndipo yanapoishi. Akawaambia wale wanawake wafungue leso zao warudi sokoni, nyanya zao zinapigwa na jua. Akasema kilio cha boma hili kina mwenyewe, na kikihitajika atakianza yeye. Walimwona hana moyo. Hata mimi nilimwona hana moyo. Nilimchukia, nakwambia ukweli.

Halafu akanishika mkono akaniingiza ndani akafunga mlango. Ndipo akanieleza jambo ambalo wote pale Misikhu walilijua ila mimi niliyetoka mbali. Baba yake Wekesa hakuwa mume wake wa kwanza. Wa kwanza alichukuliwa kwenda vita vya wazungu, Burma. Siku moja akaja mtu aliyesikia kwa mtu kwamba amekufa huko. Hakuna aliyeuliza nani alimwona. Boma likalia, Mayi akanyolewa nywele, matanga yakaisha, na kwa desturi yetu akapewa ndugu mdogo wa marehemu. Akazaa naye.

Kisha msimu mmoja wa mavuno yule marehemu akaja na miguu yake, amevaa koti la jeshi, akasimama langoni.

Wewe jana hukujua hili, sasa ulijue. Kwetu mtu aliyeliliwa akiwa hai haingii bomani hivi hivi. Ile nduru imeshamhesabu upande wa wafu, na lazima kondoo achinjwe kumtoa huko kabla hajavuka lango. Kondoo walikuwepo. Lakini wazee walikaa, wakaanza kunong'ona. Akiingia, mke ni wa nani? Na mtoto je? Wengine wakasema huyo si mtu, ni pepo. Hakuna aliyesimama kuleta kondoo. Yule mwanamume akaomba maji. Alitoka vitani, mwanangu, na aliomba maji tu. Kila mmoja aliogopa kumpa mkono. Mayi alikuwa ndani, mtoto yuko kifuani, anamwangalia kwa ufa wa ukuta. Alisimama pale mpaka ng'ombe wakarudi kutoka malishoni, kisha akageuka akaenda. Walisikia baadaye kwamba alifanya kazi kwenye mashamba ya wazungu huku Kitale. Mayi hakumwona tena maishani.

"Mtungi ulikuwa umejaa pale mlangoni," akaniambia. "Wewe usilie. Ukimlilia, umemfungia nje."

Basi sikulia. Usidhani ni ushujaa, nilikuwa naogopa tu. Siku zile nilizokaa nikingoja, sikuombei uzione. Kila baiskeli iliyopita barabarani ilinisimamisha. Mayi alinipa kazi mpaka nikadhani ananitesa: palilia, saga, fua, osha sufuria ambazo ni safi. Na kila jioni alipika ugali wa mtu mmoja zaidi, akaufunika kwa sahani, akauweka. Siku moja mtoto tumboni, ambaye ndiye baba yenu, hakucheza kutoka asubuhi hadi jioni. Hapo nilifikiri wote wawili wameniacha. Mayi akaweka sikio tumboni, akakaa hivyo kwa muda mrefu, kisha akasema, "Amelala. Na wewe lala." Nikamwamini kwa sababu sikuwa na mwingine wa kuamini.

Wekesa alirudi kwa basi la jioni. Taya limefungwa bandeji mpaka juu ya kichwa, uso umevimba, hawezi kusema hata neno. Kumbe aligongwa na goti, akazimia, akalala hospitalini wakati wenzake wakimaliza mashindano. Aliingia langoni moja kwa moja, miguu yake miwili, mfuko wake begani, akatembea mpaka mlangoni. Hakuna aliyemzuia kwa maana hakuna aliyekuwa amelia. Mayi hakupiga vigelegele. Alichota maji kwenye mtungi akampa, akasimama kumwangalia anavyokunywa kwa shida kando ya mdomo, hapo ndipo machozi yakamtoka. Nilijua si ya Wekesa peke yake. Khaemba naye alileta kitita cha vitunguu, akakiacha mlangoni akaenda. Kuhusu mabao usiniulize. Babu yako alisimulia mechi hiyo mpaka uzeeni, na kila mwaka Uganda walipunguziwa bao moja na sisi tukaongezewa mawili.

Sasa tuje kwako. Jana jioni mtu amekuandikia ati basi la mashabiki kutoka Kitale, lile alilopanda Barasa kwenda mpirani, limeanguka huko juu Timboroa. Ukampigia, simu imezimwa. Najua ulivyohisi, si hata mimi nilikuwa papa hapa nimeshika kiti. Lakini hukuuliza nani alimwona. Uliweka picha yake na mshumaa kwenye grupu ya familia, ukatoka nje ukapiga nduru iliyosikika mpaka kwa barabara kubwa. Mkono wangu ulichelewa, mwanangu. Miguu hii si ya zamani. Majirani wakaja na kuni, wakaja na viti vya kanisa, vijana wakaanza kusimamisha hema. Na asubuhi Barasa anashuka kwa boda boda, rangi ya bendera bado iko mashavuni, anauliza ni nani amekufa. Kilichoanguka ni lori la viazi. Simu yake ilikuwa imeisha chaji tu.

Pasta amenipigia akasema mambo ya kondoo ni ya kale. Nimemwambia aje, aombe, na kondoo achinjwe, na nyama pia atakula. Mungu anatujua. Mimi nimezeeka na siwezi kumwacha mtoto huyu aingie na kilio chako bado kiko juu ya kichwa chake, nikae nikimwangalia kila akikohoa.

Nasaha yangu ni hii, na uichukue hata nikiwa sipo. Habari mbaya ikija, iulize kama Mayi alivyouliza: nani aliona? Kama hakuna aliyeona, bado iko njiani, na mtu wako pia yuko njiani. Mpikie. Funika chakula chake. Ulimi hauna mfupa, na hiyo simu haina hata ulimi, lakini ikishasema, imesema kwa watu ambao hutawahi kuwafikia uwaambie ilikosea. Maji yakimwagika hayazoleki. Kulia hakukatazwi. Siku ya kulia kweli itakuja, kwangu itakuja karibuni, na siku hiyo ulie mpaka Misikhu wasikie. Lakini aliye hai mwachie lango lake wazi.

Mungu akupe moyo wa kungoja. Akupe watoto watakaotoka na kurudi, na mdomo wa kuwapokea. Mbwa wale wanabweka, pengine ni baba yako na mzee, pengine si wao. Usichungulie. Chukua kile kikombe kikubwa, mimina chai, tia sukari vile anavyopenda, mpelekee ndugu yako pale getini kabla haijapoa. Na usimwekee chini. Mpe mkononi, umshike.