Shikamoo ya Mikono Mgongoni

Binti yangu huwaamkia wakubwa mikono ikiwa mgongoni. Goti anapiga vizuri kabisa, na shikamoo yake inasikika hadi kwa jirani, ila mkono hakupi mpaka umwambie leo umeshika nini. Ukisema "karanga", unabaki na mkono wako.

Hapa Mpanda hiyo ni kesi. Karanga zimo kwenye kisamvu, kwenye uji, na kwenye mifuko ya makoti ya watu wazima wenye heshima zao. Yeye zikimgusa mdomoni anavimba uso na pumzi inakata. Niliona mara moja, akiwa mdogo. Tulikimbia hospitali kwa bodaboda, namwita njia nzima na haitiki. Alichomwa sindano, akafungua macho.

Sasa cheka: mimi nauza karanga. Nina meza sokoni Majengo, na karanga hizo ndizo zinazomvisha. Jioni naoga bafu la nje na kubadili nguo kabla sijaingia ndani. Majirani wanasema nabatizwa kila siku.

Umri wa darasa la kwanza ukafika. Shule ya kwanza waliniambia nimlete akishapona. Ya pili walitukaribisha ofisini kwa sahani ya karanga za kuchemsha. Nilimbeba mwanangu begani kama gunia, nikatoka bila kuaga. Ya tatu, mwalimu mkuu alinisikiliza mpaka mwisho, akakuna kichwa.

"Mimi sina neno, mama. Ila uji ni wa mpishi. Yeye akikataa, hata mimi sinywi."

Tukaenda jikoni. Mpishi alikuwa mama mtu mzima wa kutoka Mishamo, na watu wa kule salamu yao haina haraka: anakushika mikono yote miwili, anauliza wa nyumbani mpaka kuku. Akaacha kinu alichokuwa anatwangia, akafuta viganja kwenye kitenge, akamnyooshea mwanangu mikono.

Mwanangu akapiga goti, mikono mgongoni. "Shikamoo bibi. Umeshika karanga?"

Nilitamani ardhi ipasuke.

"Mtoto gani huyu hapokei mkono?" mpishi aliuliza, akinitazama mimi.

Nikaeleza yote, uvimbe na pumzi. Alisikiliza huku anatikisa kichwa, kisha akasema kwa upole, "Si tumpe kidogo kidogo, azoee? Wangu wote nimewazoesha hivyo."

Nina hasira za karibu, sikatai. "Azoee nini, mama? Azoee kufa?"

Nikaanza kulia palepale, mbele ya moto. Mwalimu mkuu akageuka kukagua dari, ingawa jiko lile halikuwa na dari. Mpishi akageuza uji, akanipa ncha ya kitenge chake nifute machozi. Halafu akakumbuka kina karanga, akanipokonya.

"Na wewe unafanya kazi gani, mwanangu?"

"Nauza karanga."

"Mana yanje! Mungu wangu!" Alicheka mpaka akashika ukuta. Akanionyesha gunia pembeni. Nililijua kabla sijasogea, kwa ule mshono wa kamba nyekundu. Lilikuwa langu.

"Basi beba na gunia lako," alisema. "Mtoto abaki."

Wenzangu sokoni walisema nimetia mchanga kitumbua changu mwenyewe. Kwenye kikao cha wazazi ndiyo kabisa: uji bila karanga, walinung'unika, ni maji ya kusuuzia sufuria. Nikasimama mimi, muuza karanga wao, kuusifia uji wa maziwa mpaka wengine wakaangua kicheko. Uji ukapita.

Lakini moyo wangu haukutulia. Wiki zile nilipima karanga kwa mkono mmoja, mwingine umeshika simu. Ikilia tu, nilimwaga. Siku moja nilishindwa, nikaiacha meza, nikaenda mbio hadi shuleni na aproni yangu ya sokoni.

Mpishi alikuwa mlangoni mwa jiko. Kwa furaha nikamnyooshea mikono yote miwili, kama salamu ya kwao.

Yeye akarudisha yake mgongoni.

"Habari za sokoni, mwanangu? Umeshika karanga?"

"Ndiyo, mama."

"Basi huingii. Nenda kanawe, na hiyo nguo uiache huko huko."

Nyuma yake, kwenye benchi, binti yangu alikuwa anakunywa uji katikati ya wenzake, na masharubu meupe mdomoni. Hakuniona hata kidogo.

Nikarudi sokoni, nimefukuzwa shuleni kama mwanafunzi mtoro. Nilitia simu mfukoni, nikapima karanga kwa mikono yote miwili.