Mkono Mkavu

Kabla hujacheka, nakwambia mapema: sikuwa nimelewa, sikuwa na homa, na ilikuwa saa sita mchana, jua linawaka juu ya mtaa wetu wote wa Donholm. Haya sikusimuliwa. Yalinipata mimi.

Nilikuwa nimemaliza chuo, ajira hakuna, nikapata kibarua kwenye mtambo mdogo unaosafisha maji taka ya mtaa wetu. Mwenzangu alikuwa Wafula, mtu wa Bungoma, utani haumwishi. Mimi aliniita Digrii. Pale kulikuwa na miiko miwili. Ukifungua shimo, liache lipumue kwanza, maana hewa yake huua. Na shimo likiwa wazi, usitaje jina la mtu. Mwite kwa utani, au tikisa kamba.

"Kwa nini?" nilimuuliza.

"Ai, Digrii! Wewe kila kitu ni kwa nini. Huko chuo hamkufundishwa kunyamaza?"

Siku hiyo tulifungua shimo, Wafula akaenda kibandani kutuletea chai na chapati. "Linda hapo," akasema. "Na usishuke, hata likikubembeleza."

Nikabaki nikiwaza. Mimi huwaza kupita kiasi, nisamehe. Mara nikaona kamba, ambayo tulikuwa tumeikunja vizuri pembeni, sasa imening'inia ndani ya shimo. Je, Wafula amerudi nikiwa nimegeuka? Ameshuka peke yake? Na kama hewa imemzidi? Kabla sijajizuia, nikainama nikaita, "Wafula!"

"Niko huku! Nipe mkono, ndugu yangu, naisha!"

Sauti yake kabisa! Na niamini, nilimwona: kofia yake ya manjano, uso wake, maji meusi yamemfika kifuani. Nikalala kifudifudi, nikanyoosha mkono, tukashikana. Akavuta. Nikaanza kuteleza kuelekea ndani.

Hapo ndipo kichwa changu hiki kisichotulia kikauliza: mtu anazama kwenye maji taka, mbona mkono wake ni mkavu? Mkavu kama unga! Na mbona haniiti Digrii?

Nikauachia. Wenyewe haukuniachia. Nikapiga ukelele, na nyuma yangu nikasikia vikombe vikivunjika. Wafula, Wafula mwenyewe, alinidaka mshipi kwa mikono yote miwili, na kwa hofu akaita jina langu. Jina langu halisi.

Mkono ukafunguka papo hapo, kama wa mtu aliyekwisha kupewa alichotaka.

Tulirudisha mfuniko tukihema. "Sasa linatujua wote wawili," Wafula akasema, na safari hii hakuwa anatania. Alirudi kwao Bungoma. Hata leo nikimpigia simu, hukata papo hapo nisipoanza na utani wetu wa zamani, ajue ni mimi kweli.

Mimi niliacha kazi ile. Lakini mabomba ya mtaa huu yote yanaelekea mahali pamoja, umewahi kulifikiria hilo? Nikimwaga maji ya kufulia bafuni, yakisha kushuka, naitwa kutoka chini. Kwa jina langu, kwa sauti ya Wafula, taratibu, kwa upole. Siitiki.

Nawe usiitike. Na kama tayari umeinama, umeshamshika rafiki yako mkono, jiulize upesi, kabla hajavuta: je, mkono huo umelowa?