Mume Wangu Anataka Kibanda cha Kuta Ngumu

Admin, nifichie jina, huku Dubai Wakenya tunajuana. Mimi nina miaka 33, mtoto wetu mmoja yuko nyumbani kwa mama yangu. Mume wangu ni dereva wa familia moja ya Kiarabu, na mimi nafanya usafi nyumba hiyo hiyo. Jioni tunarudi Karama, chumba tunachogawana na familia nyingine mbili kwa mapazia. Ukikohoa, jirani anakuambia pole.

Msimu wa baridi arbab, yaani bosi wetu, hupeleka familia yake jangwani kila wikendi. Mume wangu huenda, pamoja na yaya wa watoto, dada wa Uganda nitakayemwita Prossy. Mimi hubaki na ufagio wangu. Mwaka huu arbab ananunua kibanda cha kulala kinachopachikwa nyuma ya pikapu, dereva alale humo akilinda kambi. Kuna cha paa la kunyanyuka, ambacho juu ni turubai. Kingine ni kuta ngumu mpaka juu, na mlango una funguo.

Mume wangu, ambaye hata shati namchagulia mimi, ghafla amekuwa mtaalamu. Anataka cha kuta ngumu.

"Mchanga unapenya kwa turubai, na unajua kifua changu," aliniambia.

Kifua kweli kinamsumbua, hapo sibishi. Lakini tulipoenda kuvitazama, nilimsikia akimuuliza muuzaji, "Mtu akiongea ndani, nje wanasikia?"

Nikamuuliza, "Wewe utakuwa unaongea na nani?"

Akacheka. "Wewe nawe. Si wewe, kwa simu?"

Wapendwa, kule kambini simu haishiki. Ameniambia hivyo yeye mwenyewe, miaka miwili sasa, kila nikilalamika kwamba hapigi.

Juzi Jumatatu tukiosha vyombo, Prossy akasema, "Dada, kile cha turubai kina baridi sana. Afadhali wachukue kile kingine." Yaya hulala hema moja na watoto. Baridi ya dereva inamhusu nini? Niliendelea kusuuza sahani ile ile mpaka akaondoka. Dalili ya mvua ni mawingu, nami nayaona.

Jana madam, mke wa arbab, akaniita. Arbab amemwachia neno la mwisho, naye ananiachia mimi, kwa kuwa mimi ndiye nitakayekisafisha. "You choose. Thursday you tell me, khalas."

Nikisema turubai, na kumbe mume wangu hana kosa, kifua kikimbana kule mbali na hospitali nitajilaumu mpaka kaburini. Nikisema kuta ngumu, huenda nimewatandikia kitanda kwa mikono yangu. Naumia, na siwezi hata kulia, wa nyuma ya pazia watasikia.

Miaka minne tumenong'ona tukiomba siku moja tupate chumba chenye ukuta na funguo. Sasa kimepatikana, nakichagua mimi, na ndani simo. Kesho ndiyo Alhamisi. Nishaurini, nimwambie madam achukue kipi?