Mume Wangu Amenitilia Chai Kwenye Kikombe cha Wageni

Asalaam aleykum admin, na nyote mnaosoma. Jina langu lifiche. Mji ungeuficha pia, lakini acha tu, Bagamoyo siku hizi kubwa na waoka mikate ya kumimina tuko wengi. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minne, nina mume na watoto wawili. Mume wangu ni fundi wa mashine za boti, kazi zake nyingi ziko Mlingotini. Si mlevi, hanipigi, swala tano hazimpiti. Nayasema haya mapema msije mkaanza kunirushia maswali.

Mimi nikikasirika sigombi. Mama yangu alinilea hivyo, kwamba mwanamke wa kupayuka hana haya. Nikinuna natoa kikombe cha wageni, kile cha maua ya dhahabu kinachokaa kabatini na kisahani chake. Namtilia mume wangu chai mle, namwekea na kitambaa, namwambia, "Karibu, jisikie uko nyumbani." Basi anajua kakosa. Zamani alikuwa anacheka. "Haya, leo mimi mgeni. Mwenyeji wangu, nimekukosea nini?" Namwambia, tunayamaliza, na jioni anarudia kikombe chake cha bati.

Mwaka jana nikaanza kufuata kurasa za kujitambua. Nisiwe mnafiki, zimenisaidia. Nimejifunza kusema hapana. Wifi zangu walizoea kuja kulala kwangu bila taarifa, nikawaambia kwa adabu wawe wanapiga simu kwanza. Mume wangu akiniuliza nina nini, namjibu, "Nipe nafasi yangu." Nikawa najiona nimekua. Siku moja akaniambia, "Mke wangu, siku hizi unaongea kama redio." Nikamjibu kwamba mtu asiyekua hapendi kuona wenzake wakikua. Akavaa kandambili zake akatoka.

Sasa sikieni. Siku chache baada ya Idi, ukurasa huuhuu uliweka kisa cha mwanaume aliyefichwa jina kama mimi leo. Kilianza hivi: "Mke wangu amejitambua mpaka hanitambui." Akasema anaishi Tanga, mkewe anamjibu kwa maneno ya mtandaoni, ndugu zake hawakanyagi tena kwake. Wallahi nilimwonea huruma. Nina akaunti ya pembeni isiyo na picha wala jina langu, nilifungua ili nikomenti bila haya. Sikusoma hata nikafika mwisho, nikaandika: "Kaka, mwanamke huyo usigombane naye. Mtendee kama mgeni, adabu nyingi, maneno machache. Mgeni hata akae vipi, mwisho ataaga mwenyewe."

Laiki zikamiminika. Admin ukanijibu pale chini, "Mhusika amesoma, anasema ahsante dada, atalifanyia kazi." Nikafurahi, nikarudi kumalizia kisa. Mwishoni kabisa yule kaka kaandika: "Akinikasirikia ananitilia chai kwenye kikombe cha wageni. Zamani nilikuwa nacheka. Sasa naona kweli mimi ni mgeni."

Nikakirudia kisa chote tangu juu. Tanga gani hiyo? Nikajiliwaza, labda wapo wanawake wengine wenye tabia hii. Labda wifi yangu ndiye kaandika kunichafua, maana aliwahi kukiona hicho kikombe. Lakini moyo ukagoma kukubali.

Tangu hapo namchunguza. Simu yake anailaza kifudifudi. Kila baada ya siku kadhaa anakwenda Miono, eti kuangalia shamba la mananasi la marehemu baba yake. Zamani akitoka huko alikuwa anarudi na nanasi kapakata na matope mpaka magotini. Sasa anaondoka na shati lililopigwa pasi, anarudi mikono mitupu, anasema hayajaiva. Mananasi gani yanayokaguliwa kwa manukato? Nikamuuliza, "Huko Miono kuna nani?" Akasema, "Kuna mananasi." Kwa upole kabisa, na upole huo ndio unaonitisha.

Kinachonikosesha raha zaidi ni kwamba sijui kama anajua ile komenti ni yangu. Akaunti haijui. Lakini maneno yale ya mgeni, nani mwingine anaongea hivyo?

Leo asubuhi nimetoka kuoga nikamkuta kaniandalia chai. Mtu ambaye hata sukari inapokaa hapajui. Kaitia kwenye kikombe cha wageni, na kisahani, na kitambaa kakikunja vizuri. "Karibu," akasema, "jisikie uko nyumbani." Hakucheka, wala hakununa. Nikamtazama usoni nione chochote, sikuona. Akachukua mkoba wake wa spana akaondoka.

Ndugu zangu, kama anajua ni mimi, basi pengine ananitania, anataka turudi tulikotoka, na mimi nilitakiwa nimuulize kosa langu nikabaki nimekodoa macho. Lakini kama hajui, huyu anafuata ushauri wa dada asiye na picha, na anangoja niage. Kumuuliza ni kuifichua akaunti. Na nikinyamaza tu, huo ugeni si ndio nimeukubali?

Msiniandikie "mwache" wala "jipende", hayo nimewaandikia wengine vya kutosha. Kikombe kiko mbele yangu, chai imeshapoa, naye atarudi kwa chakula cha mchana. Nishaurini, nifanye nini? Niinywe, au nimwage nikioshe, nikirudishe kabatini kama sikukiona?

Na wewe kaka wa Tanga, kama unasoma hapa, ule ushauri wangu nakuomba usiufanyie kazi.