Grupu ya Mama Mkwe

Kuna Jumapili moja haijanitoka kichwani mpaka leo, mwanangu, na kila nikiikumbuka nacheka peke yangu hata barabarani, watu wakadhani mzee kapungukiwa. Ilikuwa hapa hapa Kolwezi. Mimi wakati huo nilikuwa kijana mchimbaji, vumbi la shaba limeganda kwenye kucha, mfukoni nina kitu, na kichwa kikubwa kuliko huo mfuko. Nilikuwa nataka kumwoa Ngalula. Ndiyo, huyo huyo aliyeko jikoni sasa hivi, anajifanya hasikii.

Ngalula ni wa familia ya Kikasai, watu ambao babu zao waliletwa huku kufanya kazi migodini wakabaki. Mahari wazee walikwisha kuizungumza, ikabaki kitu kimoja tu: mbuzi wa mama. Desturi unaijua, mama wa binti lazima apewe mbuzi wake, na bila mbuzi hakuna harusi. Lakini mama yake Ngalula alikuwa akiuza samaki wa barafu sokoni, na umeme wa mtaa wao ulikuwa ukiondoka bila kuaga. Samaki walikuwa wanamwozea. Basi akamtuma tata Kalala, mjomba wa Ngalula aliyekuwa mjumbe kati yetu, aje aniambie kwamba mbuzi hamtaki, mbuzi atamlia matembele yake. Anataka grupu. Jenereta, kama wanavyosema wengine. Grupu ikiwasha friza yake, achukue binti. Isipowasha, tutaonana mwaka mwingine.

Sasa hapo ndipo kisa kilipoanzia. Ninyi wa siku hizi mnakaa meza moja na mama mkwe mnakula bukari, ugali wetu huu, mnacheka. Kwetu heshima ya buko, yaani ya ukwe, ilikuwa kali. Nikimwona mama Ngalula anakuja njiani, nakata kona. Sisemi naye, simtazami usoni, siingii kwake, sembuse jikoni ambako friza ilikuwa. Kwa hiyo nilitakiwa kununua grupu ya kuwasha friza ambayo sijaiona hata kwa mbali. Ningeweza kumtuma tata Kalala akaulize. Lakini tata Kalala akianza kusalimia watu anapitia ukoo mzima, na mimi nilikuwa na haraka ya kuoa. Ngalula mwenyewe aliniambia, "Uliza kwanza friza iko namna gani." Nikamjibu, "Friza ni friza, mpenzi." Sikia ujinga huo!

Nikapanda lori mpaka Fungurume. Pale sokoni nikaikuta grupu ndogo nyekundu, inang'aa, ya bei ninayoiweza, na kwenye boksi wameandika 950 kwa tarakimu kubwa kama jina la kanisa. Muuzaji akalipiga boksi kofi. "Patron, ona! Mia kenda na makumi tano! Hii inawakisha avenyu muzima!" Nilikuwa nimesikia kwamba friza inakula wati mia mbili hivi. Nikapiga hesabu kifua mbele: nikitoa mia mbili, itabaki nguvu ya taa, redio, televisheni na hata pasi. Nikalipa, nikaibeba mwenyewe, sikukubali mtu anisaidie.

Jumapili baada ya ibada ukoo wote ukakusanyika uani kwao. Mimi nilisimama nje ya ua, karibu na mlango, nimegeuza uso upande kama desturi inavyotaka, lakini masikio yangu yote yalikuwa ndani. Tata Kalala akavuta kamba, grupu ikanguruma. Taa zikawaka! Redio ikaimba! Vigelegele, mwanangu, na tata Kalala akacheza mpaka kofia ikaanguka. Kisha wakachomeka friza.

Grupu ikaguna. Taa zikawa nyekundu kama makaa yanayokufa, redio ikaongea sauti ya mlevi, halafu kimya. Wakavuta tena. Ikaguna tena, ikazima. Mara ya tatu ikatoa moshi tu, na watoto wakaanza kuimba, "Grupu imelala! Grupu imelala!" Shangazi mmoja akasema kwa sauti, ili nisikie, "Mbuzi angalau angetoa supu." Ua mzima ukaangua kicheko. Niliona harusi yangu inaniponyoka hivi hivi.

Ndipo mama Ngalula akatoka jikoni. Kicheko kikakatika. Kusema na mimi hawezi, na mjumbe wake alikuwa bado anatafuta kofia. Basi akakaza kitenge chake, akachuchumaa mbele ya ile grupu, akaanza kusema nayo.

"Weye grupu, jambo yako. Pole na safari. Mi sina na neno na mutu hapa, ninasema na weye tu. Ukirudi kwa ule mwenye alikutuma, umwambie friza yangu ni ya zamani. Pa kuamka inavuta nguvu mingi sana, kisha inatulia. Njo maana hata umeme ya mutaa ikirudi, mataa inafifia kwanza. Ule mwenye alikutuma, aliuliza mutu?"

Watu wote wakaitazama grupu, kana kwamba itajibu. Nami nikauinamia mlango wa ua, nikauambia, "Mulango, umwambie grupu, hapana, hakuuliza mutu."

Weee! Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mama Ngalula akaziba kinywa kwa kitenge, mabega yanatikisika. Alipotulia akasema, "Basi grupu, umwambie aulize. Tata Kalala tulimupatia kazi ya nini?"

Waliponirudishia ile grupu, niliifuta vumbi, na ubavuni nikaona kibati kidogo ambacho sikuwahi kukisoma. Kimeandikwa Kifaransa: nguvu ya kawaida, wati mia sita na hamsini. Nguvu ya juu kabisa, mia nane. Ile 950 haikuwapo popote. Lilikuwa jina la biashara tu, kama mtu kuitwa Tajiri na hana viatu. Na hiyo mia nane yenyewe ni ya kujikamua kwa muda mfupi, si ya kufanyia kazi mchana kutwa. Friza ile kuukuu, wakati wa kuamka, ilikuwa inataka karibu elfu moja.

Nikamuuzia kinyozi mmoja wa stesheni. Kwake ilikuwa na kazi ya kuwasha mashine ya kunyolea na taa mbili tu, ikafanya kazi vizuri miaka, maana kitu chenyewe hakikuwa kibovu. Mimi nikarudi shimoni kuchimba, harusi ikasogezwa mbele. Safari hii nilimtuma tata Kalala, nikamvumilia na salamu zake zote, akarudi na majibu: friza inakula wati ngapi, taa ziko ngapi, kitu gani kitawaka pamoja na kitu gani. Ndipo nikatafuta grupu ambayo kibati chake, si boksi lake, kilisema nguvu ya kawaida wati elfu mbili.

Siku ya kuijaribu, taa zilitikisika kidogo, zikasimama. Friza ikaanza kuimba ule wimbo wake wa taratibu. Mama Ngalula aliingia jikoni, akaiwekea mkono juu, akakaa humo kitambo. Alipotoka, macho yana maji. Akasema na grupu kwa sauti ya kufika nje ya ua: "Aksanti, grupu. Umwambie mutoto wangu aingie, Ngalula anamungoja."

Mutoto wangu, alisema. Si ule mwenye alikutuma. Mwanangu, nililia pale mlangoni kama mtoto kweli, na sikuona haya.

Basi sikia ninachokuambia. Ukienda kununua grupu, tarakimu ya boksini iache hapo boksini. Tafuta kibati, soma nguvu ya kawaida, ndiyo yako ya kila siku. Ile ya juu ni ya dharura tu. Kama wameandika VA badala ya wati, jua wati ni pungufu ya hapo. Jumlisha vitu vitakavyowaka pamoja. Chenye mota, kama friza au pampu, kihesabie wati zake mara tatu hadi tano kwa ajili ya kuamka kwake, kisha bakiza nafasi, usiibebeshe mpaka ukingoni. Na iweke nje, mbali na dirisha, moshi wake umelaza watu wasiamke. Ila kabla ya yote hayo, nenda kamuulize atakayeitumia. Heshima ikikuzuia kinywa, tuma mtu. Mimi nilimheshimu mama mkwe kwa kumkimbia, kumbe yeye alikuwa anangoja aulizwe anahitaji nini.

Mungu akupe kazi ya mikono yako na nyumba yenye mwanga. Akupe wakwe wanaojua kucheka. Na siku ukikosea, akukosoe mtu anayekupenda.